Tani 5 Zilizoandikwa kwa Rangi: Kisa cha Trela la Kumwaga Mchanga Kisauni

Kisa hiki ni cha yadi ya vifaa vya ujenzi iliyoko Kiembeni, katika bara ya kaskazini ya Mombasa, nayo ni mali ya ami yangu. Kinahusu swali ambalo wenye yadi wengi humuuliza fundi baada ya kununua, ilhali mahali pake ni kabla ya kununua: trela la kumwaga, yaani lile ambalo bodi lake huinuliwa kwa jeki ya haidroliki na mzigo ukateremka kwa nyuma, lichaguliwe la kubeba kiasi gani? Kwa miaka 18 kazi yangu imekuwa kutunza magari ya mizigo yanayoingia na kutoka bandarini, na katika kisa hiki ndiye niliyeshika daftari na utepe wa kupimia tangu trela la kwanza lilipovunjika hadi la pili lilipofika. Ami ameniruhusu nieleze kila kitu, pamoja na yale yaliyomgharimu.

Ni lazima kwanza ieleweke kazi ya yadi yenyewe. Mchanga huletwa na malori makubwa ya tipa kutoka upande wa Malindi, na kokoto hutoka katika matimbo ya Kokotoni, juu ya Mazeras. Malori hayo humwaga yadini na kuondoka, kwa sababu lori la ekseli 3 haliwezi kupenya katika vichochoro vya Mtopanga, Mishomoroni na Junda, ambako nyumba zimesongamana na kona nyingine ni za kupita mkokoteni na pikipiki tu. Kutoka yadini hadi mlangoni kwa mteja, mzigo hupelekwa na trekta la nguvu za farasi 75 ambalo ami amekuwa nalo kwa muda mrefu, likivuta trela. Wapo wanaosema angenunua Kanta ya tipa akaachana na habari za trela, na kwa yadi inayoanza sasa ningewasikiliza. Lakini trekta lilikuwepo, limelipiwa, dereva wake analijua kama mkono wake, na linapita kwenye matope ambayo Kanta ingezama. Kwa hiyo swali lilibaki la trela peke yake.

Trela la zamani lilinunuliwa likiwa limetumika, na ubavuni lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe, kwa herufi za urefu wa shibiri: TANI 5. Bodi lake lilikuwa na urefu wa mita 3 kwa ndani, upana wa mita 1.8 na kina cha nusu mita, sawa na mita za ujazo 2.7. Lilikuwa na ekseli moja na matairi 2. Hakukuwa na bamba la mtengenezaji lenye kutaja uzito wowote, na aliyeandika tani 5 hajulikani hata leo. Ami aliyaamini maandishi hayo kwa sababu moja tu, nayo si ya kijinga: kwa miaka miwili trela lilijazwa mchanga mkavu hadi ukingoni na halikuvunjika. Kisha zikaja kazi za kuzoa makumbi ya nazi na vifusi vya nyumba zilizobomolewa, na kwa kuwa makumbi ni mepesi na huchukua nafasi kubwa, fundi seremala akaongeza mbao za sentimita 30 kuzunguka bodi lote. Kazi ya makumbi ilipokwisha mbao hazikuondolewa.

Ilikuwa Mei, mwezi ambao Mombasa hupata mvua nyingi kuliko miezi yote. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na rundo la mchanga lilikuwa limelowa hadi chini. Mteja wa Mtopanga alikuwa na mafundi wanaosubiri, akaomba aongezewe kidogo ili asirudie safari, na vijana wa kupakia wakamfanyia wema huo: walipakia hadi nusu ya mbao. Trela lilitoka yadini, likapita lami salama, likaingia kichochoro. Mita chache kabla ya nyumba ya mteja gurudumu la kushoto lilitumbukia katika shimo lililofunikwa na maji, tairi likapasuka kwa mshindo uliosikika hadi barabarani, ekseli ikapinda juu kwa juu, na bodi likalala ubavu juu ya ukuta wa jirani. Mchanga wote ukamwagika mlangoni mwa mama mmoja aliyekuwa ameingia ndani kuchukua ndoo dakika chache tu kabla. Hakuna aliyeumia. Ukuta ulijengwa upya kwa gharama ya ami, na mafundi wa mteja walirudi nyumbani siku ile bila kazi.

Nilipofika jioni nilimkuta ami amekaa juu ya gurudumu la akiba. Baada ya shikamoo na marahaba, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, nitafutie la tani 7. Hili lilikuwa dogo." Ninalinukuu neno hilo kwa sababu ndilo neno ambalo karibu kila mwenye yadi hulisema trela likivunjika, na linaonekana kuwa la haki kabisa: kilichobeba kimeshindwa, basi kitafutwe chenye nguvu zaidi. Nilimwomba wiki mbili. Nilimwambia kwamba kabla ya kununua tani 7 tujue kwanza zile tani 5 zilikuwa tani ngapi.

Fundi alibadilisha ekseli kwa nyingine ya aina ile ile, tukafunga magurudumu na kulipeleka trela tupu kwenye mizani ya yadi moja ya vyuma chakavu. Uzito wake mtupu, mbao zikiwa zimeondolewa, ulikuwa kilo 1,150. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipojitokeza, kwa sababu watu wengi, ami akiwemo, huhesabu mzigo peke yake na kusahau kwamba chuma cha trela nacho hukanyaga ekseli na matairi yale yale. Trela likitajwa kuwa la tani 5, swali la kumuuliza muuzaji ni kama tani hizo ni za mzigo au ni uzito wa jumla, yaani mzigo pamoja na trela lenyewe. Tofauti kati ya majibu hayo mawili, kwa trela la ami, ilikuwa zaidi ya tani nzima.

Kisha tukasoma matairi. Ubavuni mwa kila tairi la gari huwa na alama zinazoeleza uzito ambao tairi limeruhusiwa kubeba, na ninashangaa jinsi zinavyosomwa mara chache. Matairi haya yalikuwa ya 7.50-16 yenye namba 122/118. Namba ya kwanza ni ya tairi likiwa peke yake upande mmoja, nayo 122 maana yake ni kilo 1,500. Namba ya pili ni ya matairi yakiwa mawili mawili upande mmoja, nayo 118 ni kilo 1,320 kwa kila tairi. Trela la ami lilikuwa na tairi moja kila upande. Kwa hiyo yote mawili, yakiwa mapya na yamejazwa upepo sawasawa, yalikuwa na haki ya kubeba kilo 3,000, wala si zaidi. Ni kweli kwamba kwa mwendo wa taratibu wa trekta watengenezaji huruhusu nyongeza fulani, lakini matairi ya ami yalikuwa na nyufa ubavuni ambamo ukucha uliingia, na sikuona sababu ya kuyahesabia nyongeza.

Hata hivyo si uzito wote unaoangukia magurudumu. Trela la ekseli moja huegemea trekta kwa mkono wake, na sehemu ya mzigo hubebwa na pini ya nyuma ya trekta. Ili kuijua sehemu hiyo tulipakia mifuko 40 ya saruji, tukaipanga sawasawa sakafuni mwa bodi; kila mfuko ni kilo 50, kwa hiyo tulikuwa na tani 2 bila ubishi. Trela na saruji vilikuwa kilo 3,150 kwa pamoja. Tuliweka magurudumu ya trela peke yake juu ya mizani, mkono ukiwa umefungwa kwenye trekta nje ya mizani, na mizani ikasoma kilo 2,680. Zilizosalia, kilo 470, zilikuwa zimelalia trekta, nazo ni kama asilimia 15.

Kutoka hapo hesabu ilijimaliza yenyewe. Ikiwa magurudumu hubeba asilimia 85 na kikomo chake ni kilo 3,000, uzito wa jumla wa trela haukupaswa kuzidi kilo 3,530 hivi. Ukitoa kilo 1,150 za chuma, mzigo unabaki kilo 2,380. Trela lililoandikwa tani 5 lilikuwa trela la tani 2.4. Ami aliipitia hesabu mara tatu, akanyamaza, kisha akasema, "Na miaka miwili yote ile?" Miaka miwili ile mchanga mkavu uliojaa hadi ukingoni ulikuwa na uzito wa tani 4.3, karibu mara mbili ya haki ya trela, na kilicholiokoa ni mwendo mdogo, safari fupi na bahati. Beringi zilibadilishwa mara tano katika muda huo, na kila mara ilisemekana kwamba ni beringi mbovu za siku hizi.

Sasa siku ya Mtopanga. Mchanga mkavu uliomwagwa bila kushindiliwa huwa na uzito wa kilo 1,600 hivi kwa mita moja ya ujazo, na ukilowa hadi kushiba maji hufika 1,900 hadi 2,000. Kuna jambo hapa linalowapotosha hata wazoefu: mchanga wenye unyevu kidogo tu huvimba, kwa sababu maji yanayozunguka kila chembe huzitenganisha, na ujazo wake unaweza kuongezeka kwa robo au zaidi, hasa ukiwa mwororo. Mchanga huo uliovimba, kwa ujazo ule ule, huwa mwepesi kuliko mkavu. (Mteja anayenunua kwa ujazo siku kama hiyo anapata mchanga pungufu, na inafaa aambiwe.) Maji yakizidi, uvimbe unaanguka, chembe zinashikana tena, na kila nafasi iliyokuwa na hewa inajaa maji. Kijana anayepakia anaona rundo lile lile na anatumia sepeto lile lile, lakini bodi limebadilika uzito chini ya macho yake. Siku ile kina cha mchanga kilikuwa sentimita 65, sawa na mita za ujazo 3.5, na kwa kilo 1,900 kila mita mzigo ulikuwa tani 6.7. Magurudumu yaliyoruhusiwa tani 3 yalikuwa yamebeba tani 6.6, na pini ya trekta zaidi ya tani moja.

Dereva alitueleza jambo ambalo lilinithibitishia hesabu kuliko mizani yoyote. Alisema kwamba tangu mvua zianze, kila alipoondoa trekta likiwa na mzigo, usukani ulikuwa mwepesi kupita kiasi, na kwenye kona ya kuingilia Mtopanga magurudumu ya mbele yaliteleza kwenda moja kwa moja kabla ya kukubali kugeuka. Uzito ulioelemea pini ya nyuma ulikuwa unainua pua ya trekta. Hakumwambia mtu kwa sababu aliona ni utelezi wa matope. Naomba kila dereva wa trekta anayesoma habari hii aichukulie dalili hiyo kwa uzito wake, kwa sababu huja wiki kadhaa kabla ya chuma kuvunjika.

Ami aliuliza pia kuhusu sheria, akitaja mizani ya Mtwapa na ya Mariakani, ambako malori yanayomletea mchanga na kokoto hupimwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi 4, na tani 26 kwa jumla ya lori la ekseli 3. Mipaka hiyo imewekwa ili kuilinda barabara. Trela la ami lingeweza kupita juu ya mizani ya serikali siku ile ile ya Mtopanga bila kuvunja kikomo cha ekseli, na bado lilikuwa limezidishiwa kiasi cha kuvunjika. Mwenye trela dogo hawezi kuitegemea mizani ya barabarani imwambie ukweli kuhusu chuma chake.

Baada ya kujua tulichokuwa nacho, ilitubidi tujue tunachohitaji. Nilikaa na daftari la yadi na kupitia maagizo ya miezi 3, jioni baada ya kazi, ami akinisomea mwandiko wa karani wake palipofifia. Mengi yalikuwa kati ya tani 2 na tani 3: mchanga wa kupiga lipu vyumba viwili, kokoto za lenta, mawe ya kujazia msingi wa choo. Maagizo makubwa yaliyozidi tani 7 yalikuwa machache, na takriban yote yalikuwa ya wateja walioko kando ya lami, ambao lori kubwa lingewafikia moja kwa moja bila mchanga kupita yadini. Trela la tani 7 lingetembea nusu tupu siku nyingi za mwaka likibeba uzito wa chuma chake mwenyewe, na katika siku chache ambazo lingejaa, lingemshinda mvutaji wake.

Maana mvutaji ndiye niliyemwogopa zaidi. Trekta lenyewe lina uzito wa tani 2.7 hivi. Injini ya farasi 75 ina uwezo wa kuvuta tani 9 kwenye barabara tambarare bila kulalamika, na ndiyo maana watu hudanganyika. Kuvuta na kusimamisha ni mambo mawili mbalimbali. Njia za Junda huteremka kuelekea hori ya Tudor, na baadhi yake ni za udongo mwekundu ambao ukilowa hauna mshiko. Trela la tani 9 lisilo na breki likisukuma trekta la tani 2.7 katika mteremko kama huo, dereva anaweza kukanyaga breki hadi mwisho na magurudumu yakasimama kuzunguka, huku msafara wote ukiendelea kushuka, trela likilikunja trekta kwa upande. Nilimwambia ami kwamba sitakubali kutia mkono katika ununuzi wowote wa trela lisilo na breki zake lenyewe, hata liwe la tani 3. Alikubali bila mabishano, na nadhani alikuwa akimfikiria yule mama wa Mtopanga.

Yaliyopatikana sokoni yalikuwa ya aina tatu. La kwanza lilikuwa la magurudumu manne lenye ekseli ya mbele inayogeuka pamoja na mkono. Halilielemei trekta hata kidogo, na kwa shamba la mkonge lingekuwa zuri, lakini kulirudisha nyuma katika kichochoro ni kazi ambayo dereva wa ami, pamoja na uhodari wake, aliijaribu kwa robo saa kwenye uwanja wa muuzaji akashindwa. La pili lilikuwa na ekseli mbili zilizofuatana katikati. Hutulia vizuri kwenye mashimo, ila kwenye kona kali matairi yake huburuzwa kwa ubavu, na njia za Kisauni ni kona tupu. La tatu lilikuwa la ekseli moja yenye matairi 4, mawili kila upande, breki za haidroliki, na bamba la chuma lililogongwa namba: ekseli kilo 5,000. Hilo ndilo tulilolichukua, na sehemu kubwa ya sababu ni lile bamba. Matairi yake, yakiwa ya aina ile ile ya 7.50-16 lakini mawili mawili, yanabeba kilo 5,280 kwa pamoja. Ekseli inabeba 5,000. Basi kikomo ni 5,000, kwa sababu katika mlolongo huu kinachosema ni kile kilicho dhaifu kuliko vyote. Kwa asilimia 85 ile ile, uzito wa jumla unaweza kufika kilo 5,880. Trela tupu ni kilo 1,400. Mzigo wa juu kabisa, basi, ni kilo 4,480. Tuliamua kwamba mzigo wa kila siku uwe tani 3.5, na tofauti iliyobaki iachiwe mashimo, uchovu wa chuma na mkono wa kijana anayetaka kumfanyia mteja wema.

Ukubwa wa bodi ndio uliochukua siku nyingi zaidi, na ndipo ninapoona kisa hiki kina faida kwa wengine. Muuzaji alikuwa tayari kuweka bodi la ukubwa wowote juu ya chasisi ile, akapendekeza lile kubwa zaidi kwa bei ndogo ya nyongeza. Ami alivutiwa. Tukakaa na kalamu tukaanza na mzigo, si na bodi: kwa kila kitu kinachouzwa yadini tulitafuta kina ambacho kingefikisha tani 3.5. Bodi tulilochagua lina urefu wa mita 2.8, upana wa mita 1.7 na kina cha sentimita 45. Likijazwa kokoto hadi ukingoni, kwa kilo 1,550 hivi kwa mita ya ujazo, mzigo ni tani 3.3. Likijazwa mchanga mkavu ni tani 3.4. Hivyo viwili vijazwe hadi juu bila wasiwasi. Mchanga uliolowa kabisa peke yake ndio unaozidi: ukijaa hadi ukingoni ni tani 4.1, bado chini ya kikomo cha trela lakini juu ya azimio letu. Kwa ajili yake tulipiga mstari mweupe ndani ya bodi, pande zote nne, sentimita 6 chini ya ukingo. Siku ya mvua mchanga unaishia mstarini.

Jeki nayo ilipimwa, ingawa hapa nitapita haraka. Bodi na mzigo ni tani 4.1, kitovu cha uzito kiko mita 1.4 kutoka kwenye bawaba za nyuma, na jeki inasukuma kwa chini mita 1 kutoka kwenye bawaba hizo, kwa hiyo wakati wa kuanza kuinua inahitaji nguvu ya tani 5.7. Silinda yenye kipenyo cha milimita 80, ikipewa shinikizo la baa 150 na pampu ya trekta, inasukuma tani 7.5. Inatosha, na mchanga ukijaa ukingoni siku ya mvua bado inatosha. Dereva ameagizwa asiinue bodi trela likiwa limeinama upande, kwa kuwa mchanga mbichi hung'ang'ania mbele huku bodi likiwa juu, na hapo ndipo matrela hupinduka.

Swali la makumbi lilirudi, maana ami hakutaka kuipoteza kazi hiyo. Mbao zingerudi, na mbao zikirudi mchanga ungezifuata. Fundi wa kulehemu wa jirani ndiye aliyetoa jibu: badala ya mbao alitengeneza viunzi vya kuchomeka vyenye wavu wa matundu makubwa, urefu wa sentimita 80. Makumbi, makuti na matawi hukaa ndani ya wavu yakajaa pomoni bila kukaribia kikomo cha uzito. Mchanga na kokoto hupita kwenye matundu. Hata kijana mgeni aliyeajiriwa leo asubuhi hawezi kupakia mchanga juu ya ukingo, kwa sababu utamwagikia miguuni. Sijawahi kuona kizuizi cha mzigo kilichonipendeza kama kile.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Hewa ya bahari hula chuma, kwa hiyo bawaba na pini hupakwa grisi kila Ijumaa na chini ya bodi hupakwa rangi ya kuzuia kutu. Trela limesajiliwa na lina namba yake inayoanza na herufi Z, taa zake zinawaka na viakisi mwanga viko nyuma, jambo ambalo lile la zamani halikuwa nalo.

Ugumu ambao sikuutarajia ulitoka kwa wateja. Kwa miaka walikuwa wamezoea kununua kwa trela, "nipe trela mbili", na trela moja la zamani lililojazwa mchanga mkavu lilikuwa tani 4.3. Wiki ya kwanza wazee wawili walikuja yadini wakisema wameibiwa, na walikuwa na haki ya kuuliza. Ami alibandika ubao langoni unaotaja uzito wa trela moja la kila bidhaa, akashusha bei ya safari kulingana na upungufu, na sasa anauza kwa tani. Mteja wa tani 7 anapelekewa safari mbili. Dizeli imeongezeka kiasi, beringi hazijaguswa tangu trela lije, na mvua za mwaka zilizofuata zilipita bila trela kulala yadini hata siku moja.

Trela la zamani lilitengenezwa na kuuzwa kwa mkulima wa Kikambala anayebeba nazi na majani ya ng'ombe. Kabla halijaondoka ami alichukua msasa, akayafuta maandishi ya ubavuni kwa mkono wake mwenyewe, na mahali pake akaandika TANI 2.4. Mnunuzi alipoiona namba hiyo aliomba apunguziwe bei, na ami akampunguzia.